Mwongozo kamili: kusema jambo lilidumu kwa vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili

Sentensi yenyewe ni fupi: "She talked on." Kila muhula naiandika ubaoni kwenye darasa langu la jioni, na kila muhula nusu ya darasa inatafsiri "Alizungumza juu ya…" kisha wote wananitazama, wakisubiri nimalizie. Juu ya nini? Hakuna cha kumalizia, sentensi imekwisha. Maana yake ni kwamba aliendelea kuzungumza, hakunyamaza.

Kosa la pili ni la wanaojua Kiingereza vizuri tu, hata ripoti za kazini wanaandika. Kila kilichochukua muda kwao ni "took a long time". Mkutano, mvua, kesi, harusi, vyote "took a long time". Sarufi haina kasoro. Lakini msomaji hawezi kujua kama mkutano ulichosha, kama mvua haikukatika, kama kesi kuna mtu aliyeivuta makusudi, au kama harusi ilinoga hadi alfajiri. Kiingereza husema yote hayo kwa kijineno kinachofuata kitenzi: on, away, around, out, na vingine viwili hivi.

Swali la namna ya kusema jambo lilidumu nimeshaulizwa kwa vipandevipande mara nyingi mno. Hapa nimeliweka lote, hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari lenye kurasa 6 tupu. Kila kijineno kipate ukurasa wake. Ukivichanganya kwenye orodha moja vitachanganyika kichwani pia.

Kalamu mbili, ya kijani na nyekundu. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya 2.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza, ya kitabu au ya simu. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake haitoshi kwa kazi hii, kwa kuwa mara nyingi inakupa maana bila kukuonyesha yambwa, yaani kinachotendewa, inakaa wapi. Kamusi ya wanafunzi huandika "drag sth out". Hiyo sth ni kifupi cha something, na imewekwa pale pale panapokaa yambwa. Ukiona sb, ni somebody. Ukiona "drag on" bila sth wala sb, ujue kitenzi hicho hakitaki yambwa.

Simu ya kurekodi sauti, na ukurasa mmoja wa habari ya Kiingereza. Ripoti ya mechi inafaa kuliko habari za uchumi, maana mpira umejaa "held on", "held out" na "play on".

Na muda: hatua moja kwa siku. Ukizimaliza zote kwa mkupuo Jumapili mchana, Jumatatu utaamka na "on" peke yake.

## Hatua ya 1: Ujue urefu wenyewe ni wa namna gani

Kabla hujagusa Kiingereza, iseme habari yako kwa Kiswahili. Lugha yetu ni tajiri hapa. Tuna kushinda na kukesha, vitenzi vilivyobeba muda tumboni mwake: "alishinda akilima", "walikesha wakiomba". Tuna kutwa kucha. Tuna kurudiarudia, kama tangatanga na randaranda. Tuna hata ile "weee" ya msimulizi, "tukangoja weee", ambayo kadiri unavyoivuta ndivyo muda unavyorefuka.

Andika sentensi hizi tano kwenye ukurasa wa kwanza:

1. Mama aliendelea kusoma ingawa umeme ulikatika.
2. Fundi ameinamia cherehani tangu asubuhi, hata salamu hasikii.
3. Vijana walishinda kijiweni bila shughuli.
4. Wakili aliivuta kesi makusudi.
5. Tulikaa bandani mpaka mvua ikaisha.

Zote tano zina muda mrefu, ila muda huo si wa aina moja. Ya kwanza ni kutoacha. Ya pili ni kuzama kazini. Ya tatu ni muda mtupu. Ya nne kuna mtu aliyerefusha jambo kwa mkono wake. Ya tano ni kuvumilia hadi mwisho. Kwa Kiingereza, ya kwanza itaita "on", ya pili "away", ya tatu "around", ya nne na ya tano zote "out".

Naanzia hapa kwa sababu anayeanza na orodha ya vitenzi vya Kiingereza huchagua kinachosikika vizuri. Kumbe kinachotakiwa kuchaguliwa ni aina ya urefu, na hiyo unaijua tayari kwa lugha yako.

Umefaulu ukiwa unaweza kusikia sentensi yoyote ya Kiswahili na kusema ni ya aina ipi kabla hujafikiria neno hata moja la Kiingereza.

## Hatua ya 2: Funika kijineno kwa kidole

Chukua ukurasa wako wa habari. Kila ukikuta kitenzi kinachofuatwa na on, away, around au out, funika kijineno hicho kwa kidole, kisha usome kilichobaki.

"They walked on." Funika "on", inabaki "They walked". Tendo ni lile lile, kutembea. Kilichopotea ni kuendelea tu. Kijineno hicho kinapima muda. Kizungushie kijani.

"He put on his shirt." Funika "on", inabaki "He put his shirt". Imevunjika. Hapa "on" imeshirikiana na kitenzi kuunda maana mpya ya kuvaa, haina habari na muda. Kizungushie nyekundu.

Jaribio hili linatatua vingi, ila si vyote. Kuna kikundi cha tatu: "go on", "carry on", "drag on", "wear on", "hang on", "hold out". Ukivifunika vinavunjika, lakini muda umo. Hivyo havina ujanja, vinakaririwa vizima. Si vingi, na vinavyotumika sana utavikuta humu.

Soma pia kwa sauti. Kijineno kinachobeba muda hupata mkazo. "He drove on", akaendelea na safari, mkazo uko kwenye "on". "He drove on the left", aliendesha upande wa kushoto, "on" inapita haraka kama haipo, kwa sababu hapo ni kihusishi cha kawaida. Anayetamka zote mbili sawa atasikika kama aliyesahau kumalizia sentensi, na tunarudi kule kule kwenye "alizungumza juu ya".

Tahadhari. Huku kwetu Afrika Mashariki tuna mazoea ya kudondosha vijineno. Mtu anakuandikia "I will pick you at five" na wote tunaelewa atakupitia saa kumi na moja jioni. Mwingereza angeandika "pick you up". Kwenye vitenzi vya muda zoea hilo linaumiza zaidi, maana ukidondosha kijineno umedondosha muda wote.

Umefaulu ukiwa ukurasa wako una rangi mbili na unaweza kueleza kwa nini kila duara lina rangi yake.

## Hatua ya 3: "On", isiyoacha

Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Ipe siku mbili ukiweza.

Wazo lake: jambo lilikuwa limeshaanza, palikuwa na sababu ya kuacha, halikuacha. "It got dark, but Mother read on." Giza ndiyo sababu ya kuacha, "on" ndiyo kutoacha. Ndiyo maana makala hukuambia "read on", na refa anapotoa nafasi kwa timu iliyochezewa rafu husema "play on". Mchezo ulikuwa na sababu ya kusimama, haukusimama.

Sasa kanuni nne ambazo darasa langu huzivunja kila mara.

Kanuni ya kwanza: haichukui yambwa. "She read on" ni sahihi. "She read on the book" si sahihi, maana msikilizaji atadhani alikuwa amekaa juu ya kitabu. Ukitaka kutaja kitabu, badilisha muundo: "She kept on reading the book" au "She carried on reading the book".

Kanuni ya pili: baada ya "keep on", "carry on" na "go on" weka -ing. Sisi husema "aliendelea kusoma", na hiyo ku- inatuvuta kuandika "carried on to read". Hapana. "Carried on reading." Hii isipokaa kichwani, iandike mlangoni.

Kwa "go on" kosa hili ni baya zaidi, kwa sababu umbo la "to" lipo na lina maana tofauti kabisa. "She went on teaching": aliendelea kufundisha. "She went on to teach": baada ya jambo jingine, baadaye akaja kufundisha. Moja ni kuendelea, nyingine ni hatua iliyofuata. Barua za maombi ya kazi zinaharibika hapa. Mtu anataka kusema aliendelea na kazi yake ya uhasibu, anaandika "I went on to work as an accountant", na mwajiri anasoma kwamba kabla ya hapo alikuwa anafanya kitu kingine.

Kama unachotaja ni jina na si kitenzi, tumia with: "Carry on with your work." Zile fulana za mitumba zilizoandikwa "Keep Calm and Carry On" zinatokana na bango la serikali ya Uingereza la mwaka 1939. Pale "carry on" imesimama peke yake, maana kila msomaji alikuwa na la kwake la kuendelea nalo.

Kanuni ya tatu: angalia kitenzi kina hasira au hakina. Hapa ndipo watu wanapoudhiana bila kujua.

"Go on" haina upande. "The party went on until dawn", sherehe iliendelea hadi alfajiri, na huenda ilinoga. "Drag on" ni kujikokota kwa jambo linalochosha. Ukimwandikia mwenyeji wako "Your wedding dragged on until dawn" umemtukana. Anachosoma ni kwamba ulikuwa unatazama saa. Vivyo hivyo kwa bosi: "The meeting dragged on" ni lawama kwa aliyeuongoza. Kama unataka kusema tu kwamba mkutano ulipitiliza muda, andika "The meeting ran over by half an hour". Usije ukaweka mtu mahali pa nusu saa, maana "ran over a man" ni kumgonga kwa gari.

Kwa maneno ya watu kuna ngazi. "Talk on" ni kuendelea kuzungumza tu. "Ramble on" ni kupiga porojo zisizo na kichwa wala miguu. "Drone on" ni sauti moja inayolaza watu. "Go on about something" ni kulirudia jambo mpaka watu wachoke, na "go on at somebody" ni kumsimanga mtu bila kupumzika. Zote hizi isipokuwa ya kwanza ni za kumsema mtu, si za kumsifu.

Kwa kujikaza kuna "soldier on", "press on" na "plod on". Hiyo ya mwisho ni kujikongoja. Kwa muda wenyewe kuna "wear on", ambayo kiima chake, yaani mtendaji wa kitenzi, lazima kiwe kipindi: "as the day wore on", kadiri siku ilivyokuwa ikienda. Kwa maumivu, harufu au shaka isiyotaka kuondoka kuna "linger on". Ukiitumia kwa mgonjwa ujue unasema anaugua ugonjwa wa kufa ila bado hajafa. Usiiandike kwenye kadi ya pole.

Kanuni ya nne: jihadhari na mapacha. "His name lives on": jina lake linaendelea kuishi. "He lives on rice": anaishi kwa kula wali. "They worked on into the night": waliendelea na kazi hadi usiku. "They worked on the report": waliishughulikia ripoti. "The baby slept on": mtoto aliendelea kulala. "Let me sleep on it": niache nilale kwanza, nitaamua kesho. Tofauti unaiona kwa kutazama kinachofuata. Kukiwa na jina linalong'ang'ania "on", huo si muda.

Na moja ya ajabu. "Hang on" na "hold on" kwenye simu ni kungoja, lakini kungoja kidogo. "Hang on a minute" ni subiri kidogo. Zimevaa nguo za kudumu na muda wenyewe ni wa kumeza mate.

Ukitaka "weee" ya Kiswahili, rudia kijineno: "He talked on and on." Ni "on" peke yake kati ya hivi inayorudiwa kwa kazi hiyo. Hakuna "talked away and away".

Umefaulu ukiwa umeandika sentensi 10 za "on" bila yambwa hata moja baada yake, na angalau 3 kati yake zina -ing mahali ambapo Kiswahili kingeweka ku-.

## Hatua ya 4: "Away", iliyozama

Rudi kwa fundi wa cherehani. "The tailor has been sewing away since morning." Tofauti na "on" ni hii: "on" inatazama saa, "away" inamtazama mtu. Ameinama, hajali nani anapita, mkono haupumziki. Mara nyingi ndani yake kuna furaha au bidii, kwa hiyo si tusi. "The children were chattering away", watoto walikuwa wakipiga soga bila habari na mtu. Hata chungu: "The beans were bubbling away on the stove."

Nayo haichukui yambwa moja kwa moja. Ukitaka kutaja kinachofanyiwa kazi, mlango ni "at": "She typed away at her report", "He hammered away at the wall". Hiyo "at" ina siri ndogo, inaonyesha kazi haijakwisha. Aliyemaliza ripoti alii-type. Aliye "typing away at" bado yumo.

Tumia vitenzi vya shughuli tu. Huwezi kufika kwa kuzama wala kuzaliwa kwa kuzama, kwa hiyo "arrived away" haipo.

Tahadhari tatu. "Ask away!" si kuuliza kwa muda mrefu, ni ruhusa: uliza tu, usiogope. "Eat away" kwa kawaida ni kumomonyoa, kama bahari inavyokula ufuo. Na "away" ikifuatana na kipindi cha muda kama yambwa, maana inageuka kuwa kuutumia muda wote hadi uishe: "We danced the night away", "He slept the afternoon away". Hapo yambwa inaruhusiwa, mradi iwe ni muda. Sauti yake inategemea tendo: kucheza dansi usiku kucha ni raha, kulala mchana kutwa ni uvivu.

Umefaulu ukiwa unaweza kueleza tofauti ya "He worked on" na "He worked away" bila kutumia neno "muda".

## Hatua ya 5: "Around", muda mtupu

Hii ni fupi. "Sit around", "stand around", "hang around", "wait around", "lie around": kukaa, kusimama, kuzubaa, kungoja, kujilaza, vyote bila la maana linalofanyika. "They hung around at the corner all day" ndiyo wale vijana wa kijiweni. Waingereza husema "about" pia, maana ni ile ile. Ukitaka kuongeza tendo, weka -ing: "We sat around waiting for the chairman."

Haifai kwa mtu unayemheshimu. Ukiandika "My father was sitting around at the hospital" umemfanya mzee mzururaji. Andika "waiting".

Na tafadhali, usiunde mwenyewe kwa kubahatisha. Mwanafunzi wangu mmoja alitaka kusema likizo nzima alikuwa analalalala tu nyumbani, akaandika "I slept around". Maana yake ni kwamba alikuwa akilala na watu mbalimbali. Alichotaka ni "lay around the house". "Ask around" na "shop around" nazo si za muda, ni za kupita kwa huyu na yule.

## Hatua ya 6: "Out", ya kurefusha na ya kuvumilia

Sarufi ya Kiswahili uliyosoma shuleni itakusaidia hapa kuliko popote. Unakumbuka refuka na refusha? Mkutano ulirefuka, wenyewe. Waliurefusha mkutano, kuna mkono wa mtu. Kiingereza kinafanya hivyo kwa kubadilisha kijineno:

"The meeting dragged on." Ulirefuka.

"They dragged the meeting out." Waliurefusha.

Kiima cha "drag on" ni tukio. Kiima cha "drag out" ni mtu, na tukio linakuwa yambwa. Utakutana pia na "dragged out" isiyo na yambwa, lakini ukishika mgawanyo huu hutakosea. Ndugu zake ni "draw out", "spin out" na "string out". "Spin out" Uingereza ni kurefusha hadithi au fedha, ila kwa Mmarekani mara nyingi ni gari lililopoteza mwelekeo na kuzunguka. Kutoka "draw out" tunapata kivumishi kizuri cha kesi zetu: "a long-drawn-out case".

Kundi la pili la "out" ni kuvumilia mpaka kitu kiishe. "We waited out the rain" ni sentensi yetu ya tano. "Ride out the storm" ni kuistahimili dhoruba, ya baharini au ya maisha. "Stick it out" ni kung'ang'ana hadi mwisho hata kama hupendi. "Hold out" ni ya akiba na ya ngome: "The water will hold out until Friday", na timu iliyozuia hadi filimbi ya mwisho nayo "held out".

Kanuni ya lazima: yambwa ikiwa ni it, them, him au nyingine fupi kama hizo, inakaa katikati. "Drag it out", "wait it out". Kamwe "wait out it". Yambwa ikiwa ni jina kamili, kwa "drag out" unaweza kuiweka katikati au mwisho.

Tahadhari. "Sit out" ina nyuso mbili. "Sit out the storm" ni kukaa hadi dhoruba ipite. "Sit out a match" ni kutocheza mechi hiyo. Kitu kibaya unakisubiri kiishe, kitu cha kushiriki unakikosa.

Umefaulu ukiwa unaweza kuchukua sentensi 5 za refuka na kuzigeuza kuwa za refusha, kwa lugha zote mbili.

## Hatua ya 7: "Up" na "through"

Kukesha kwa Kiingereza ni "stay up". "We stayed up all night." Kumngoja mtu ukiwa macho ni "wait up for": "Don't wait up for me", usikeshe ukinisubiri. Mmarekani akikupigia kelele barabarani "Wait up!" hamaanishi kukesha, anataka usimame akufikie.

"Through" ni kutoka mwanzo hadi mwisho, na ina yambwa. "We sat through a three-hour speech", tulikaa hadi mwisho, na inasikika kama adhabu. "He slept through the alarm", kengele ililia mwanzo mpaka mwisho hakuisikia. "They worked through lunch", hawakwenda kula.

## Hatua ya 8: Funga sentensi kwa muda sahihi

Kijineno kinasema aina ya urefu. Kiasi chake kinakuja na for, since, until, into the night, all day. Makosa mawili ya Waswahili yanajificha hapa.

La kwanza ni wakati wa kitenzi. Sisi husema "kesi inajikokota tangu 2019", wakati uliopo, na ni Kiswahili safi. Kiingereza kinakataa "The case drags on since 2019". Kinataka "The case has been dragging on since 2019". Ukiona "tangu" kwenye Kiswahili chako na jambo bado lipo, andika has been au have been.

La pili ni saa. "Anashona tangu saa mbili asubuhi" ni "since eight in the morning". Nimesahihisha "since two" nyingi kiasi kwamba sasa naangalia saa kwanza ndipo niangalie sarufi.

## Hatua ya 9: Andika upya aya moja

Hii ni aya ya mwanafunzi, nimeifupisha:

"Our bus broke down near Chalinze. The repair took a long time. The passengers waited for a long time. One man talked for a long time about the government. We did not sleep. In the morning we continued with the journey."

Na hii ni baada ya hatua zote:

"Our bus broke down near Chalinze just after dark. The driver crawled under it and hammered away at something we could not see. The rest of us stood around, holding up our phones for light. One man went on and on about the government. As the night wore on even he grew tired, but the hammering went on. Nobody could sleep through it, so we stayed up and waited it out. At dawn the engine coughed, and we drove on to Morogoro."

Angalia kwamba "drag on" haimo. Ningeweza kuiweka, ila aya ingegeuka malalamiko, na huyu dereva alifanya kazi. Angalia pia "drove on" ya mwisho: wakashika njia tena.

Andika aya yako ya sentensi 6 hadi 8 kuhusu foleni, msiba, mgao wa umeme au safari. Jirekodi ukiisoma, kisha sikiliza kama vijineno vya kijani vina mkazo. Visiposikika, rekodi tena.

## Zoezi la kujipima

Tafsiri bila kuangalia juu:

1. Aliendelea kupika ingawa wageni walishafika.
2. Usiirefushe hadithi, watoto wana usingizi.
3. Tumeshinda tukizubaa ofisini kwao.
4. Mgomo unaendelea tangu Januari.
5. Bibi alimalizia maisha yake Pangani.

Majibu yangu: "She went on cooking although the guests had arrived." "Don't drag the story out, the children are sleepy." "We have been hanging around at their office all day." "The strike has been going on since January." Ya tano ndiyo huleta ubishi darasani: "Grandmother lived out her days in Pangani." Wengi huandika "lived on in Pangani". Nayo ni Kiingereza sahihi, ila inasimulia jambo jingine, kwamba wengine waliondoka au walifariki, yeye akabaki huko akiishi.